Tlacaelel: mshauri aliyeletewa taji la Tenochtitlan akalikataa

Motecuhzoma wa Kwanza alipofariki mwaka 1469, wakuu wa Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki katika Mexico ya leo, walimwendea mzee aliyekwisha kupita miaka sabini, ndugu wa marehemu kwa baba, wakamtaka akalie kiti. Mzee akakataa. Kwa namna mtawa wa Kihispania Diego Durán alivyoyapokea maneno yake karne moja baadaye, alisema kwamba wafalme waliotangulia hawakufanya neno bila shauri lake. Amehukumu, ameamuru, ameogopwa, amevaa mavazi ya kifalme. Wanataka awe mfalme gani zaidi ya huyo? Akatawazwa kijana, Axayacatl, na mzee akaendelea na kazi yake.

Mzee huyo ni Tlacaelel. Cheo chake kiliitwa cihuacoatl, jina la mungu wa kike wa ardhi na uzazi, na kazi zake zilikuwa nzito: hakimu mkuu, msimamizi wa hazina na kodi, na mshika mji pale mfalme anapotoka kwenda vitani. Alianza kama mpiganaji na mkono wa kulia wa mfalme Itzcoatl, akawatumikia Motecuhzoma, Axayacatl na Tizoc, akamkuta na Ahuitzotl. Mwandishi Chimalpahin anasema alizaliwa mwaka 1398, siku moja na Motecuhzoma ila kwa mama mwingine, akafa 1487. Piga hesabu: wafalme watano, na karibu miaka sitini ya kuwa karibu na kiti.

Wengi wanaomsifu huuona ukataaji huo kama unyenyekevu, au hekima ya mtu mzima asiyetaka makuu. Sioni hivyo. Ukifuata mambo tangu mwanzo unamwona mtu aliyejua kiti kipi kina faida na kipi kina hatari, na ambaye kile cha faida alikuwa ameshajijengea miaka mingi kabla ya kuletewa kile cha hatari.

Mwaka 1426 Tenochtitlan haikuwa dola ya kutisha mtu. Ulikuwa mji wa kisiwani katika Ziwa Texcoco, ukilipa kodi kwa Azcapotzalco, mji wa Watepaneca ng'ambo ya magharibi. Mwaka huo mtawala wa Azcapotzalco, Tezozomoc, aliyekuwa ametawala miaka mingi sana, akafa, na mwanawe Maxtla akanyakua kiti. Haukupita muda, Chimalpopoca, mfalme wa Tenochtitlan, akauawa. Mwaka 1427 akachaguliwa ami yake, Itzcoatl, ambaye mama yake alikuwa mjakazi. Mfalme mpya, nasaba yenye doa, jirani anayenoa silaha. Watu wa kawaida waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa. Durán anasimulia kuwa walipendekeza wambebe mungu wao Huitzilopochtli mpaka Azcapotzalco, wakajisalimishe naye, kila mtu akaishi.

Hapo ndipo Tlacaelel, mtu wa miaka thelathini hivi, anapoingia katika historia. Itzcoatl aliuliza nani atakwenda Azcapotzalco kuuliza kama ni vita au amani. Kimya. Tlacaelel akasema atakwenda yeye. Mpakani walinzi walikuwa na amri ya kumuua Mmexica yeyote, yaani mtu wa Tenochtitlan, anayevuka. Akawaomba wamwache afikishe ujumbe, na akirudi wamfanye watakavyo. Wakamwachia. Safari ya pili alibeba ngao, mishale, na lami ya aina wanayopakwa maiti. Alipothibitisha kuwa amani haipo, akampaka mfalme wa Azcapotzalco ile lami mwilini na kumpachika manyoya kichwani, kama mtu anayetayarishwa kuzikwa. Na yule mfalme akatulia akapakwa! Kisha akamshukuru, akampa silaha, akamwonya asitokee mlango wa mbele kwa kuwa walinzi wanamsubiri. Apenye kwa tundu la nyuma ya nyumba. Akapenya, akavuka, na alipofika mahali salama akageuka kuwadhihaki walinzi waliokuwa bado wanamngoja.

Kisa kitamu, na msomaji yeyote atakikumbuka. Lakini la maana zaidi lilitokea mjini, kati ya wakubwa na raia wao wenyewe.

Raia waliuliza: mkishindwa, sisi tutakuwa wageni wa nani? Wakubwa wakajibu kuwa wakishindwa watajitia mikononi mwa raia, nyama yao iliwe, tena iliwe kwenye vigae vichafu vilivyovunjika. Raia nao wakaweka neno lao: mkishinda, tutawatumikia. Tutalima mashamba yenu, tutajenga nyumba zenu, tutalipa kodi, tutabeba mizigo na silaha zenu mnapokwenda vitani, sisi na watoto wetu. Pande zote zikakubali, wakaingia vitani.

Nautazama mkataba huu kwa jicho la mashaka. Upande mmoja ulihatarisha miili yake kwa msimu mmoja. Upande wa pili uliweka rehani jasho la vizazi. Na tunaujua kwa sababu walioshinda ndio walioutunza. Kila mara mkulima alipolalamika kuhusu mzigo wa kodi, hadithi hii ilikuwa tayari: babu zenu walikubali. Uwe ulifanyika au haukufanyika katika maneno hayo, ulifanya kazi ya hati.

Vita vilipiganwa mwaka 1428. Wamexica hawakuwa peke yao, ingawa simulizi za Tenochtitlan hupenda kulipitia jambo hili harakaharaka. Nezahualcoyotl wa Texcoco, ambaye baba yake aliuawa wakati wa Tezozomoc, alikuwa na kisasi chake na jeshi lake. Mji wa Tlacopan, wenyewe wa Kitepaneca, uliegemea upande wa waasi. Azcapotzalco ikaanguka, na ile miji mitatu ikafanya muungano ambao leo tunauita dola ya Waazteki. Kodi ya nchi walizozishinda pamoja iligawanywa mafungu matano: mawili Tenochtitlan, mawili Texcoco, moja Tlacopan.

Ardhi ya Azcapotzalco ikagawiwa. Mfalme alipata, mashujaa wa ukoo wa kifalme walipata, na Tlacaelel akapata fungu kubwa kuliko wenzake wote. Raia walioogopa vita hawakupata kitu, isipokuwa mitaa kupewa sehemu ya kuhudumia mahekalu yao. Kabla ya vita, mkubwa wa Tenochtitlan alikuwa mtu wa mtaa wake, akitegemea watu wake kwa chakula. Baada ya vita alikuwa na shamba ng'ambo ya ziwa, lenye walimaji wake, asilohitaji kumwomba mtu. Hapo tabaka likazaliwa, na aliyesimamia kuzaliwa kwake hakuwa na taji.

Katika miaka hiyohiyo ya Itzcoatl vitabu vya zamani vilichomwa. Habari hii imo katika kazi kubwa iliyokusanywa na mtawa wa Kihispania Bernardino de Sahagún kutoka kwa wazee wa Kinahua, watu wa lugha moja na Wamexica: wakuu walikutana, wakasema haifai kila mtu kujua yaliyoandikwa, kwa maana yamejaa uongo na watu wengi wameabudiwa humo kama miungu. Kifungu hicho hakimtaji Tlacaelel. Ni mwanahistoria wa Mexico Miguel León-Portilla, katika karne ya 20, aliyemwona yeye nyuma ya moto ule, na nyuma ya kumpandisha Huitzilopochtli kutoka mungu wa kabila moja hadi mlezi wa jua lenyewe. Ni dhana yenye nguvu kwa sababu inaendana na mtu tunayemwona kwingine, ila ni dhana. Tusimpe kiberiti mkononi kwa sababu tu tunajua alikuwa chumbani.

Kuna kanuni nyingine ya wakati ule isiyovutia waandishi wa filamu, nayo kwangu ndiyo ufunguo wa kisa chote. Baada ya vita vya 1428 ilipangwa kwamba mfalme atachaguliwa kutoka miongoni mwa wakuu wanne wenye vyeo maalumu vya kijeshi na kihukumu, wote wa damu ya kifalme. Kiti kikawa kinazunguka: kutoka kwa ami hadi kwa mpwa, kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, kutoka kwa kaka hadi kwa kaka. Axayacatl, Tizoc na Ahuitzotl, waliofuatana, ni ndugu watatu. Cheo cha cihuacoatl hakikuwa miongoni mwa vile vinne. Hakikuzunguka. Tlacaelel alipofariki kilikwenda kwa mwanawe Tlilpotonqui, aliyekishika hadi mwaka 1503, na Wahispania walipouzingira mji mwaka 1521 aliyekuwa nacho ni mjukuu wake, Tlacotzin.

Sasa rudi uyatazame yale majibu ya 1469. Mtu anaombwa aache cheo ambacho mwanawe atakirithi, achukue cheo ambacho wakuu watampa wamtakaye baada yake. Kwa hesabu ya nyumba yake, lile taji lilikuwa hasara.

Na ilikuwa hasara yenye hatari. Mfalme mpya wa Tenochtitlan alipaswa kwenda vitani kabla ya kutawazwa rasmi, alete mateka. Akirudi mikono mitupu, heshima yake inaanza na ufa. Axayacatl alijeruhiwa vibaya mguuni katika vita vya bonde la Toluca, kisha akapeleka jeshi Michoacan dhidi ya Wapurépecha, likasagwa vibaya kuliko jeshi lolote la Kimexica kabla ya hapo. Alikufa mwaka 1481, bado si mzee. Tizoc aliyemfuata alidumu miaka mitano hivi tu. Durán anasema watu wa ikulu walimpa sumu kwa kuchoshwa na ulegevu wake. Katika yote hayo mshauri hakuguswa. Mashauri mengi yalikuwa yake, aibu ilikuwa ya mwenye taji.

Jinsi alivyokijenga cheo chake inaonekana vizuri zaidi kwenye mambo madogo ya mavazi kuliko kwenye vita. Katika sheria zilizotolewa wakati wa Motecuhzoma, pamba ilikuwa ya wakubwa. Raia alivaa nguo ya nyuzi za maguey, mmea wa jamii moja na mkonge (na mkonge wenyewe tunaoujua Tanga asili yake ni Mexico), tena nguo hiyo isishuke chini ya goti. Akionekana imepita goti, adhabu ilikuwa kifo, isipokuwa awe na jeraha la vita mguuni. Huyo aliruhusiwa kulifunika kovu lake. Nyumba ya ghorofa ilikuwa ya wakubwa. Dhahabu kichwani, ya mfalme. Ndani ya ikulu hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kuvaa viatu, awe mkubwa kiasi gani, ila wawili: mfalme na Tlacaelel.

Fikiria balozi au mtawala wa mji wa mbali anayeingia ukumbini peku, macho chini. Mbele yake anaona miguu minne yenye makubazi. Hahitaji kuelezwa.

Hapa nasimama kidogo kwa kisa kingine cha Durán, maana kinamwonyesha mzee huyu akijibiwa. Motecuhzoma na Tlacaelel, wakiwa wametajirika, walitaka kujua nchi ya asili ya Wamexica, Aztlan, na kama mama yake Huitzilopochtli bado yu hai. Mfalme alifikiria kutuma askari. Tlacaelel akashauri watumwe wachawi, kwa kuwa hawaendi kuteka nchi bali kuuliza. Wakaenda waganga sitini na zawadi za nguo, mawe ya thamani, kakao. Huko wakampata mzee mtunzaji wa yule mama, akawaambia wamfuate mlimani. Yeye akapanda mbio kama kijana. Wao wakazama mchangani, wa kwanza hadi magotini, kisha hadi kiunoni, wakashindwa kwenda mbele wala nyuma. Mzee akawauliza: mnakula nini huko mnakoishi? Wakasema vyakula vya thamani, na kinywaji cha kakao. Akawaambia hicho ndicho kilichowafanya wazito, na ndicho kinachowaua. Mama mwenyewe alitoka hajaoga, hajachana nywele, akiwa katika maombolezo tangu mwanawe aondoke, akawaambia kuwa miji ambayo mwanawe ameishinda itamtoka vilevile alivyoipata. Waganga waliporudi na habari hizo, mfalme na mshauri wake walilia.

Simulizi hii iliandikwa baada ya Wahispania kuuteka mji, na utabiri wa mama una harufu ya watu waliokwisha kuona mwisho. Hata hivyo nimeipenda kwa sababu inamshtaki Tlacaelel kwa kile hasa alichokipanga. Kakao na pamba alizowazungushia wakubwa uzio wa sheria ndizo zilizowazamisha wajumbe wake mchangani.

Shauri lake lililobaki na sifa mbaya kuliko yote ni la vita vya maua, yaani vita vya kukamata mateka wa kuchinjwa kwa ajili ya mungu. Durán anamwekea mdomoni hotuba ya kutisha kwa utulivu wake. Mungu, alisema, asisubiri mpaka tukosewe na mtu ndipo apate chakula. Atafutiwe soko la karibu, aende na jeshi lake kununua watu huko, wawe kama mikate ya mahindi iliyotoka kikaangoni sasa hivi, laini na ya moto. Soko liwe Tlaxcala, Huexotzinco, Cholula, Atlixco, Tliliuhquitepec na Tecoac. Watu wa mbali, wa Huasteca au Michoacan, ni mkate mkavu usio na ladha kwa mungu wetu; lugha zao ni ngeni.

Ndani ya hotuba hiyo dini na hesabu za kijeshi zimefungwa pamoja kiasi kwamba sijui nani angezitenganisha. Uwanja wa vita ulio karibu unapunguza gharama ya chakula na wapagazi. Vijana wa kikubwa wanapata pa kukamata mateka na kupanda vyeo kila msimu. Na Tlaxcala, ambayo haikushindwa kamwe, inageuka kuwa mji ambao eti hatukutaka kuushinda. Ilibanwa, ikanyimwa chumvi na pamba, ikaachwa na jeshi lake na chuki yake, umbali wa siku chache tu kwa miguu. Mwaka 1519 Mhispania Hernán Cortés alipofika, baada ya mapigano mafupi Watlaxcala walijiunga naye kwa maelfu. Bila wao mji usingeanguka kama ulivyoanguka. Kama lile soko kweli lilikuwa shauri la Tlacaelel, basi ndilo kosa lake kubwa, na lilichukua zaidi ya miaka 50 kudai malipo.

Kuhusu wingi wa waliochinjwa niwe mwangalifu. Durán anasema katika uzinduzi wa Hekalu Kuu mwaka 1487, Tlacaelel akiwa mmoja wa wakuu wanne walioshika kisu, waliuawa watu 80,400. Kodeksi ya Telleriano-Remensis, kitabu cha kale cha picha, inasomwa kuwa 20,000. Wanaakiolojia wa taasisi ya serikali ya Mexico, INAH, waligundua mwaka 2015 mnara wa mafuvu karibu na magofu ya hekalu hilo, na kufikia 2020 walikuwa wamehesabu mafuvu 603, ya wanaume, wanawake na watoto. Idadi hiyo ni ya sehemu iliyofukuliwa tu, kwa hiyo haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na ya Durán. Lakini inatosha kumnyamazisha anayesema hayo yote ni uzushi wa mapadri, na haimsaidii anayezipokea zile 80,400 bila kuuliza.

Limebaki swali la mashahidi. Durán alimaliza historia yake mwaka 1581, na Hernando Alvarado Tezozomoc akaandika yake karibu na 1598. Zinafanana mno: mpangilio, hotuba, hata makosa. Mwaka 1945 mwanahistoria Robert Barlow alipendekeza kwamba zote zimetoka katika kitabu kimoja kilichopotea, akakiita Crónica X. Kwa hiyo mashahidi wawili ni mmoja, na huyo mmoja anampenda Tlacaelel kupita kiasi. Wapo wanaodhani alitoka katika ukoo wake. Waandishi wa Texcoco wanampa sifa zote Nezahualcoyotl. Mtawa Juan de Torquemada, mwaka 1615, alifika mbali zaidi: kwake Tlacaelel ni mtu wa kubuni.

Torquemada alikosea, na anayemkosoa ni Chimalpahin, ambaye hakuwa Mmexica. Alitoka Amaquemecan huko Chalco, nchi iliyopigwa na Tenochtitlan kwa miaka mingi hadi ikasalimu amri katika miaka ya 1460. Hakuwa na sababu ya kumtukuza adui wa babu zake. Anamtaja kwa sababu nyingine kabisa: mke wa Tlacaelel, Maquiztzin, alikuwa binti wa watawala wa Amaquemecan, na watoto wao walikuwa sehemu ya nasaba ambazo Chimalpahin alikuwa akizipanga. Mtu wa kubuni haachi wakwe.

Kwa hiyo ile lami, lile tundu la nyuma ya nyumba na zile hotuba ndefu nazipokea kama masimulizi ya nyumba iliyokuwa na sababu ya kujisifu. Ndoa ya Chalco na cheo kilichopita kwa mwana hadi kwa mjukuu havitegemei zile hotuba, na hivyo ndivyo vinavyonifanya niamini kwamba yale majibu ya 1469, hata kama maneno yake yametungwa, kwa maana yake ni ya kweli.